Bibi wa Pazia Hatoki Mara Mbili

Shella, Malindi
Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kwa shoga yangu Kabibi,

Usishangae kuletewa karatasi iliyofungwa ndani ya kipande cha kitambaa. Bi Pushpa, anayenishonea nguo za harusi, amekubali kutubebea barua, ingawa kwa shingo upande. Huja kunipima kila baada ya siku mbili, na zako waweza kumpelekea dukani kwake mjini pamoja na yale madaftari anayoagiza kwenu Gede. Simu yangu imefungiwa kabatini, na ufunguo uko kifuani mwa Bi Zuwena, mahali ambapo sina ujasiri wa kupeleka mkono.

Leo ni siku ya tatu tangu niwekwe ndani. Maharusi wa siku hizi hukaa siku tatu, wakizidi sana juma moja. Nyanya kakata shauri kwamba mimi ni wiki tatu, kama alivyokaa yeye, na Bi Zuwena, somo anayenifunda, ndiye mlinzi wa mlango. Jua silioni. Asubuhi nasuguliwa liwa ya msandali, alasiri nafukizwa udi, na katikati nanyweshwa supu ya kuku mpaka nahisi nitaota manyoya. Nimehesabu boriti za dari, ni kumi na saba. Jana nilizihesabu tena, ni zile zile.

Lakini silo lililonitia kalamu mkononi. Mashindano ya Milki Tatu, mchezo wetu wa kadi, ni Jumamosi ya tarehe 15, Kilifi, na siku hiyo nitakuwa humu humu. Harusi ilikuwa iwe Januari, unakumbuka. Shee, bwana harusi mwenyewe, kapata likizo yake ya bandarini mwezi huu, wazee wakaisogeza, na hakuna aliyeniuliza habari za kadi kwa sababu hakuna aliyedhani kadi ni jambo la kuulizwa. Miaka sita, Kabibi! Mara mbili tumefika fainali, na mara mbili Kunal na Mwambire wa Mnarani wametutoa machozi. Mwaka huu nilikuwa nimeapa.

Basi waandikie wasimamizi watutoe kwenye orodha. Mchezo ni wa wawili wawili, na peke yako hutaruhusiwa. Najua itakuuma. Mimi iliniuma hata nikamwaga supu, wakaniletea nyingine.

Kadi zangu nimeziingiza kwa siri ndani ya mfuko wa pamba. Bi Zuwena akisimama kuswali Adhuhuri, nazitandaza kitandani nacheza na nafsi yangu. Nashindwa pia.

Nijibu upesi, nisije nikaanza kuhesabu na misumari.

Wako wa chumba cha nyuma,
Batuli


Gede
Jumatano, 5 Novemba 2025

Batuli,

Barua yako imeingia dukani na harufu ya udi. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaniuliza kama tumeanza kuuza manukato.

Sitajitoa. Nimeusoma mstari wako ule mara mbili nikaona labda ni supu iliyokuandikia. Miaka sita mimi nimekaa kiti cha nyuma na kadi zangu za msaada, wewe uko mbele unapigana na kupigiwa makofi. Silalamiki, nyuma nilipapenda. Safari hii nitakaa mbele. Kiti cha nyuma nitatafuta mtu wa kukijaza, hilo niachie mimi.

Shida yangu ni moja tu, nayo ni Bibi wa Pazia. Kadi nyingine zote nimezielewa, lakini Bibi sijapata kumtoa kwa akili yangu. Ulikuwa ukigusa sikio, mimi namtoa. Ulisema sheria zinakataza kusemezana mezani, hazikatazi mtu kuwashwa sikio, na mimi nikanyamaza kwa kuwa tulikuwa tunashinda. Sasa nikikaa kufikiri naona hata siku moja sikujiuliza kwa nini ni zamu hii na si ile iliyopita. Mkono wangu unajua, kichwa hakina habari.

Niandikie kila kitu, kama unayemfundisha mtoto. Siku zimebaki kumi na situlii. Jana nimetoa kopi arobaini za karatasi tupu kabla sijagundua kwamba sikuweka kitu kwenye mashine. Mwenye duka alinitazama tu.

Na huyo Bi Zuwena anakufunza nini humo ndani? Hawe, nyanya yangu, kaniuliza, nami najua unavyoandika yote isipokuwa yale mtu anayotaka kuyajua.

Kabibi


Shella
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Kabibi wewe,

Nimecheka mpaka Bi Zuwena kaja kunigusa paji la uso kuona kama nina homa. Haya, kaa mbele! Nani aliyekuambia ni kutamu? Ukishindwa, anayetazamwa ni wewe.

Sasa nisikilize. Bibi wa Pazia hana nguvu hata moja. Hapigi, hazuii, halindi. Kazi yake ni kumfunika mpiganaji wako mmoja kwa pazia. Zamu mbili huyo haonekani, hapigi wala hapigwi, na zamu ya tatu anatoka na nguvu maradufu. Na hutoka mara moja tu kwa mchezo mzima. Ukishamtumia, kwaheri.

Watu wengi humfanya Bibi bendeji. Wanaona mpiganaji wao anakata roho, ndipo wanamkimbilia. Ni makosa makubwa. Mgonjwa mwenye nguvu moja akiwekwa ndani atatoka na mbili, na mbili haziui hata panya. Mtu wa kumweka ndani ni aliye mzima. Muweke Faru wa Shaba. Ana nguvu tano, atatoka na kumi, na lile Jini la Chumvi la Kunal lina nane. Hakuna kadi yetu nyingine iwezayo kuliangusha.

Uzito uko hapa. Faru akiwa ndani, lango li wazi. Jini litakuja ngomeni, na kila zamu litang'oa mawe matatu. Zamu mbili ni sita. Ngome huanza na mawe kumi, kwa hiyo mwite Bibi mapema, zamu ya tatu, mawe yakiwa bado tisa au kumi. Yatabaki matatu au manne, na yatatosha. Hapo katikati utataka kulia. Kunal atacheka kile kicheko chake cha puani. Usimtazame, tazama kidole chako, hesabu mbili, Faru atatoka.

Mimi ndivyo nilivyo humu, ila kinachoongezeka maradufu ni mashavu.

Jana mama yake Shee alikuja kunitazama. Alikaa kitandani, juu ya kadi zangu bila kujua. Tulizungumza kidogo.

Ni nani utakayemkalisha nyuma? Hukunitajia.

Batuli


Gede
Jumapili, 9 Novemba 2025

Batuli,

Asante. Nimeinakili barua yako kwa herufi kubwa nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Hawe kaingia, kaona "Faru" na "Jini", akaniuliza kama nimebadili dini. Nikamwambia ni mchezo tu, akasema mchezo usiomlaza mtu si mchezo.

Nimejaribu mara kumi na moja. Mara saba Faru ametoka na kuliangusha Jini. Mara nne nimeingiwa na woga na kumtoa Bibi zamu ya pili, au nimengoja mno mpaka mawe yakawa matano nikabaki natazama. Siwezi kutulia, Batuli. Wewe ulikuwa unakaa pale kama mtu anayengoja chai, mimi nahisi miguu inataka kutoka nje bila mimi. Kunal akinichezea haraka haraka nifanyeje? Asipolileta Jini mapema, ningoje au nisingoje?

Mtu wa kiti nimempata. Usijali hilo.

Na mama Shee alisema nini? "Tulizungumza kidogo" si kawaida yako. Wewe ukizungumza kidogo ujue umeumwa na jino.

Kabibi


Shella
Jumanne, 11 Novemba 2025

Kabibi,

Salamu. Nimefikiri upya kuhusu Bibi wa Pazia.

Kunal ametuona fainali mbili. Anajua tunamtoa zamu ya tatu, na mwaka huu atakuwa tayari. Kwa hiyo usimtoe mapema. Ngoja mpaka ngome ibaki na mawe manne. Kunal akiona mawe manne hulewa ushindi na kulipumzisha Jini. Hapo ndipo umweke Faru ndani.

Hayo maswali yako mengine jibu lake ni hilo hilo. Ngoja mawe manne.

Mimi sijambo. Nakutakia kheri wewe na mwenzako.

Batuli


Shella
Alhamisi, 13 Novemba 2025

Kabibi, USIIFUATE barua yangu ya Jumanne. Nimeanza na hilo ili hata karatasi hii ikilowa uwe umelisoma. Mtoe Bibi zamu ya tatu, kama nilivyokuandikia Ijumaa. Ukingoja mawe manne umekwisha. Jini hung'oa matatu kila zamu, Bibi huficha zamu mbili. Mawe manne hayatoshi, na Kunal hajapata kulipumzisha Jini tangu azaliwe.

Nilikudanganya. Nilijua ninaloandika.

Jumatatu Bi Pushpa alikuwa amepiga magoti kunipima urefu wa gauni, sindano mdomoni, akaniambia habari za mpwawe Kunal. Kunal kasema Gede kuna jozi mpya ya kuogopwa, Kabibi na Sanga, kila jioni wako mezani nyuma ya duka la kopi, na wanaelewana hata bila kutazamana. Sanga binamu yako, yule wa mizinga ya nyuki! Yule niliyemwita gogo mwaka juzi mbele ya watu. Nilikuuliza ni nani, hukunijibu, nikakuuliza tena ukasema "usijali hilo". Nikasimama pale na gauni langu nikahisi mmeshanizika, na udongo mmeupiga pasi.

Wivu, Kabibi. Nautaja kwa jina lake.

Na kuna jambo nililokuficha mimi pia. Mama Shee alipokuja aliona kona ya kadi moja chini ya paja lake. Akaitoa, akaitazama, akaniuliza ni kamari? Nikasema si kamari, ni mchezo, hakuna pesa. Akasema, bila ukali, kwamba mke wa watu hakai meza moja na wanaume kucheza kadi, na kwamba anaamini nitaacha. Nikasema ndiyo, mama. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Kwa hiyo haya yalikuwa mashindano yangu ya mwisho, na sikuyacheza, na wewe umepata mwenzako wa kuyacheza mengine yote. Ndivyo nilivyoiona Jumatatu. Leo naona ni upuuzi, ila barua imeshatoka.

Bi Pushpa anakuja sasa hivi kuchukua gauni kulipunguza kiuno. Naitia hii ndani ya pindo. Ikufikie kesho, yarabi, ikufikie kesho.

Batuli


Gede
Jumapili, 16 Novemba 2025

Batuli!

TUMESHINDA! Kikombe kiko hapa dukani juu ya rafu ya madaftari, mwenye duka kakifuta vumbi mara mbili na hakina vumbi.

Lakini kwanza nakuomba radhi, maana nina jambo linanikereketa tangu jana. Sikufuata ulivyoniandikia. Barua yako ya Jumanne niliisoma mpaka ikachakaa. Nilipiga hesabu ya mawe manne mara tatu, haikukubali. Nikasema Batuli anajua nisilolijua mimi, miaka sita kakaa mbele, mimi nani? Nikamwambia Sanga tungoje mawe manne. Akakuna kichwa, akasema sawa.

Fainali ikawa na wao, kama ulivyojua. Ukumbi ulikuwa na joto la kuivisha mkate. Kunal kavaa shati jipya. Kanichezea haraka haraka nisipate kufikiri, Jini likatoka zamu ya pili, na kwa kuwa Faru alikuwa langoni likang'oa jiwe moja tu. Zamu ya tatu mawe ni tisa, Faru amesimama mzima. Nikajiambia, Kabibi ngoja, Batuli kasema ngoja. Wallahi nilikuwa naendelea kujiambia hivyo, na mkono wangu ukaenda wenyewe sikioni. Mkono huu huu ninaokuandikia! Nilikuwa nimekuona ukifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba sikio langu nalo lilijua zamu ya tatu. Sanga akaona, akamtoa Bibi.

Nilitaka kumwambia arudishe. Haiwezekani, unajua. Mawe matatu yakaenda, nikatazama kidole. Matatu mengine yakaenda. Kunal akacheka puani. Mwambire akaanza kukusanya kadi zake. Halafu Faru akatoka na kumi, na Jini likalala chali, na mimi nikasimama nikaangusha kiti.

Wakatangaza "Batuli na Kabibi". Ndivyo nilivyotuandikisha tangu siku ya kwanza, na Sanga kwenye safu ya mshika kiti, anayekaa badala yako. Wasimamizi walikataa, nikakaa pale mezani kwao mpaka wakachoka. Sikukutajia kuwa ni Sanga kwa kuwa ulimwita gogo, na nilijua utakasirika, halafu utakataa kunifundisha. Gogo lako linakusalimu. Limekutumia chupa ya asali, Bi Pushpa akikubali kuibeba.

Basi nisamehe. Naogopa umekaa humo ndani ukinifikiria vizuri ilhali mimi nimekuasi. Nimeomba radhi, na nimeshinda, na mambo hayo mawili hayakai pamoja tumboni mwangu. Barua hii naipeleka kesho asubuhi.

Kabibi


Malindi
18/11

Kabibi mwanangu,

Mimi ni fundi wa nguo, si posta. Karatasi uliyoikuta pamoja na hii ni ya Batuli, ya tangu Alhamisi. Nimeiona leo nilipofungua pindo la gauni. Siku ile nilichukua gauni nikalitundika, jioni nikaitwa Mombasa, binti yangu kajifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Nimerudi leo. Batuli hakuniambia kuna kitu pindoni, alinikonyeza tu, nikadhani ana kitu jichoni.

Barua yako ya Jumapili na asali nampelekea saa hii hii.

Sijasoma. Lakini nyinyi wasichana mnanizeesha.

Pushpa


Gede
Jumatano, 19 Novemba 2025

Batuli,

Nimeipata barua yako ya Alhamisi siku mbili baada ya kukupelekea yangu ya kukuomba radhi. Radhi! Mimi!

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe umenitumia chako ndani ya pindo. Nimeirarua ile ya Jumanne, nikaokota vipande, nikavirarua tena. Unajua kinachoniuma? Siyo kikombe. Ningeshindwa ningelia siku moja. Kinachoniuma ni ile hesabu. Nilikaa pale nikaipiga mara tatu, ikakataa mara tatu, nikasema upungufu ni wangu. Nilijiona mjinga kwa ajili yako. Ungeniandikia matusi nikayasoma ningekuelewa, ila wewe uliniandikia salamu na kheri.

Na mimi nina langu, nalikubali. Ningekutajia Sanga tangu mwanzo tusingefika hapa. Nilikuficha kama anayemficha mgonjwa habari ya msiba. Hilo nimelibeba.

Lakini la mama Shee limeniudhi kuliko yote. Ulisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi? Batuli aliyegombana na wasimamizi saa nzima juu ya kadi moja iliyokunjika kona! Shee mwenyewe umemuuliza? Anajua hata kama unacheza? Umeiweka ndani sauti yako ikiwa nzima, basi ingetoka maradufu, lakini naona umeiacha huko huko. Na usiniangalie mimi. Mimi ndiye niliyekuwa kadi yako ya msaada, na kadi ya msaada haina nguvu hata moja, ulinifundisha mwenyewe. Siwezi kukusemea kwa mama mkwe wako wala kwa mumeo.

Ndani ya bahasha hii yumo Bibi wa Pazia. Ni yule yule wa fainali. Mweke wewe, mimi kwa sasa siwezi kumtazama.

Sijui kama nitakuja Jumamosi kwenye kupambwa kwako. Nguo iko tayari, Sanga kasema atanisindikiza mpaka Shella. Sijui. Hawe anasema hasira ni hasara, nikamwambia na hii ni yangu, niache niigharamie.

Kabibi


Malindi
Jumatano, 26 Novemba 2025

Kabibi,

Simu nimerudishiwa. Nimekupigia mara nne hukupokea, kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi, ambako angalau najua unasoma mpaka mwisho kabla ya kurarua.

Sitakuomba radhi kwa maneno mengi. Nilikukosea, kwa makusudi, na wewe ulikuwa umeliandika jina langu mbele ya lako. Niliposoma hapo, kwamba uliketi mezani pa wasimamizi mpaka wakachoka, nilijifunika uso kwa taulo la liwa. Bi Zuwena akadhani ni woga wa harusi, akanipa nasaha ya saa nzima ambayo haikuhusu kitu. Asali ya Sanga nimeila yote, kwa kijiko. Mwambie nimelifuta lile neno, na nitamwambia mwenyewe.

Jumamosi ulikuja.

Unajua ilivyo. Bwana harusi kwao, wanawake ukumbini, na mimi juu ya jukwaa nimepambwa hina mpaka viwiko, asumini kichwani kilo nzima, na amri ya kuinamisha macho nisitabasamu. Nilitazama mapaja yangu mpaka nikajua kila ushanga wa gauni. Wenzetu walipanda kunitunza, wakapiga vigelegele, nikasikia sauti zao mmoja mmoja, yako sikuisikia. Nikasema haya, Batuli, umeyapanda, vuna. Kisha nikaiba jicho moja tu, na wewe ulikuwa umesimama kule mlangoni, karibu na meza ya sharubati, umevaa ile ya kijani. Uso umeukunja. Hukupunga mkono, hukuja mbele. Ukagusa sikio.

Nikainua uso wangu mzima. Mbele ya watu mia tatu! Bi Zuwena akanifinya kiunoni, nina alama mpaka leo. Wewe ukageuka ukatoka, na sharubati hukunywa.

Leo ni siku ya nne ya fungate. Chumba kingine, boriti kumi na nne. Shee ni mtu mpole, hunywa kahawa polepole na huuliza jambo mara moja tu, halafu hungoja. Jana alasiri nikamtoa Bibi wa Pazia chini ya mto nikamweka mezani, kati ya birika na sahani ya visheti. Akauliza ni nini hiki. Nikamwambia yote, Kabibi. Miaka sita, fainali tatu, kidole, sikio, Sanga, na barua ya Jumanne sikuiruka. Nilipofika kwa mama yake nilichukua kikombe chake nikamnywea kahawa. Nikamwambia, nilimwambia mama ndiyo, na haikuwa ndiyo.

Akajimiminia kahawa nyingine, polepole. Nilikuwa nahesabu zamu. Kisha akasema atazungumza na mama yake. Nikamwambia la, aliyesema ndiyo ni mimi, atakayeirudisha ni mimi. Mama anakuja kesho kwa chakula cha mchana. Nimekwisha kuoza kwa hofu, nimetia chumvi kwenye chai mara mbili tangu asubuhi. Sijui atasemaje. Huenda akakataa, huenda nyumba ikawa na baridi mwaka mzima. Lakini nitasema, akiwa ameshakaa na kabla hajashika kijiko.

Shee akaichukua kadi, akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma kwa sauti, polepole, kama anayesoma mkataba wa meli. Kisha akaniuliza, "Na wewe hukaa wapi, mbele au nyuma?"

Nikamwambia, nyuma, Kabibi akinitaka.

Batuli